Cheche ya Mwalimu Kasmir

Jumatatu, 4 Agosti
Baridi kali Sumbawanga, ila mimi natoka jasho la furaha. Nimefaulu! Cheche ya zambarau imeruka kati ya misumari miwili isiyogusana. Hewa yenyewe imepitisha umeme! Vitabu vinaiita plazma. Koili inayozalisha cheche nimeiazima kwenye pikapu ya mkuu wa shule, Mama Avelina. Hajui bado. Maonyesho ya sayansi ni Alhamisi, mshindi anakwenda Mbeya. Isakwisa wa kemia ataonyesha sabuni. Sabuni!

Jumanne, 5 Agosti
Nikitenganisha misumari, cheche inakatika. Nikiisogeza karibu, inarudi. Ni utafiti, lakini nani atapiga makofi? Wafipa tunataka ulezi. Nikapitisha mbegu kwenye cheche ili ziote haraka. Zimeungua. Mke wangu, Zita, akauliza kama hizo ndizo mbegu alizoletewa na mama yake kutoka Msanzi. Nikasema ndizo, zimetumika kwa ajili ya taifa. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti
Akili! Nimenunua sokoni ulezi uliokwisha kuota, ule wa kimea cha pombe. Nimeuweka kwenye sahani na kuandika: “Baada ya cheche.” Isakwisa amepita, akatabasamu kupita kiasi.

Alhamisi, 7 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.
Pikapu iligoma kuwaka. Mgeni rasmi, Bi Janeth, akaletwa na bodaboda kutoka Mpui, vumbi hadi kwenye nyusi. Hata hivyo cheche yangu ilimpendeza! Akaomba nipitishe mbegu mpya mbele yake. Moshi. Akanusa sahani ya “Baada ya cheche,” akasema kwao ulezi huo wanapikia pombe. Watu wakacheka, Isakwisa kuliko wote. Kisha Mama Avelina akaiinamia koili na kuuliza polepole, “Mwalimu Kasmir, hii ni ya gari gani?”
Sabuni inakwenda Mbeya.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, shule imefungwa. Nimerudisha koili, pikapu imewaka. Mama Avelina alinikuta nikinawa grisi. Hakugomba. Akasema Bi Janeth alisikitika: kupima tu cheche inaruka umbali gani kungetosha kushinda. Mwakani nilete vipimo vya kweli, basi.
Maneno ya busara. Yamenigusa sana. Mchana huu huu nimechora jedwali na kulijaza lote. Kupima sijapima, koili sina, lakini namba zinapanda vizuri ajabu. Isakwisa atakoma!