Asiyeonja Supu Yangu Asiseme

Jumatatu, 6 Juni 1994
Vingunguti pamechafuka! Tangu mambo yawe ruksa, kila mwenye sufuria anauza supu. Leo Bwana Twalib, kiongozi wetu wauza supu wa hapa machinjioni, katangaza: nafasi ya mbele, ile yenye paa la bati, atapewa mmoja tu. Walaji wenyewe watasema Jumapili nani mpishi. Nani mwingine zaidi yangu? Tatizo Zuena. Supu yake maji ya kunawia, lakini ana mawifi kama siafu, na wote wana midomo.

Jumanne, 7 Juni
Kikao. Nikasimama, kanga mpya kiunoni. Nikauliza, mtu asiyeonja atajuaje chumvi imekolea? Zuena akadakia, eti mwenye pua inamtosha. Nikamwambia pua ni ya kamasi. Nikatoa sheria: atakayesema awe amekula, tena asiwe ndugu wa muuzaji, wa damu wala wa ndoa. Makofi! Mawifi nje! Najma wangu kaipiga taipu chuoni kwake bila hata kuangalia vidole. Vingunguti nzima nani kazaa kama mie? Nimeibandika kwenye nguzo.

Alhamisi, 9 Juni
Kumbe na kaka zangu nje. Na shangazi. Hilo sikuliwaza. Si neno, nimepata dawa. Cyprian mchinjaji, Mnyamwezi wa Tabora. Damu hatuchangii, ndoa hatuna, na sauti yake inafika Buguruni. Nimempa supu ya bure, mabakuli manne, chapati juu. Kalamba vidole. Kasema Mama Najma, Jumapili niachie mie.

Jumapili, 12 Juni
Sitaki kuonana na mtu.
Cyprian kasimama mbele ya umati. Kasema ng'ombe angejua anapelekwa kwenye sufuria ya huyu Mzaramo, angegeuza arudi mnadani Pugu kwa miguu yake. Kasema mfupa wangu unachemshwa tangu enzi za Mjerumani, umeomba kustaafu. Watu chini kwa vicheko! Nikapiga kelele: huyu mtani wangu! Wanyamwezi na sie Wazaramo ni watani, tangu lini mtani akamsifu mtani? Bwana Twalib akaniita kwenye nguzo. Akauliza kwa upole, amekula? Amekula. Ni ndugu yako? Si ndugu. Basi, mama, neno lake limepita, sheria yako mwenyewe.
Bati kapewa Zuena. Kaniita kabisa, shoga njoo upoe kivulini. Nyoo!
Jioni Cyprian kaja na bakuli. Eti mtani, angenisifu mbele za watu, kwao wangemwonaje? Nikampa. Ile ya mfupa kustaafu, kwa kweli, ilinichekesha hata mie.

Jumanne, 14 Juni
Twalib kasema mwezi ujao walaji watasema tena. Nimefikiri sana. Sheria haina kosa, kosa ni mtani. Sasa nimepata mtu safi: Albano, mchonga vinyago, Mmakonde, kahamia juzi. Si ndugu, na utani hana habari nao. Anakula kwangu asubuhi na jioni, hachoki kusifu. Akimaliza anabaki kumsikiliza Najma akimweleza habari za taipu. Kijana anapenda elimu!
Leo kaniamkia, shikamoo mama mkwe. Adabu iliyoje! Nikamjazia bakuli la tatu. Zuena aanze kufungasha.