Nilivyokimbiza Swima Nzima kwa Pipa la Mawese

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mpaka nimepanda huku mlimani nikichechemea, nikisingizia kwamba natafuta rezo la simu. Rezo lipo hata kule chini siku ya leo. Nilichokuja kutafuta ni mahali ambapo hakuna mtu wa kunitazama usoni.

Kwa wale ambao hatujaongea siku nyingi: niko Swima, kijiji cha kando ya ziwa, mimi na wanangu. Tulitoka mjini Baraka risasi zilipoanza kulia karibu na shule ninayofundisha. Binamu yangu Baba Wilondja, yule anayeuza mafuta ya mawese, ametupokea yeye na mkewe. Wametupa chumba, wanatulisha, na hawajatuuliza hata mara moja tutaondoka lini. Kwa hiyo tuelewane mapema: hapa mimi ni mgeni. (Mgeni mwenye akili angekaa chini achambue maharage.)

Shule ya hapa nayo imefungwa. Asubuhi huwa nakusanya watoto nyuma ya nyumba ya Baba Wilondja, juu kidogo ya barabara, tunasoma, tunaimba, siku inasogea. Leo hawakutaka kusoma. Mizinga ilikuwa imesikika usiku kucha upande wa milimani, mbali, lakini imesikika. Wamekaa wamekumbatia magoti kama wazee msibani. Nikasema, ngoja niwape kitu cha kuwachangamsha.

Mnamkumbuka Tantine Zuzu?

Najua mnamkumbuka! Enzi za Zaire, Jumamosi mchana, Bukavu, tumebanana katika ukumbi wa parokia mbele ya ile televisheni iliyokuwa inafungiwa kabatini kama Ekaristi. Kipindi cha watoto kinaanza, na Tantine Zuzu hakai kwenye kiti kama watangazaji wengine. Mara yuko juu ya ukuta anatembea na mwavuli. Mara ananing'inia nyuma ya lori linalotembea, anatupungia mkono. Mara amevaa nyoka shingoni, anatufundisha herufi N. Hakuna kofia ngumu, hakuna mkanda, hakuna mtu wa kusema "msijaribu nyumbani." Akimaliza anaweka mkono kifuani, anahema, anauliza: "Batoto, moyo unapiga?" Na sisi ukumbi mzima: "Unapigaaa!" "Basi tuko wazima!"

Nikawasimulia yote hayo. Nikafika kwenye ile siku kubwa kuliko zote, siku aliyosimama juu ya pipa la chuma akalitembeza kwa miguu yake mwenyewe, pipa linabingirika, yeye yuko juu anaimba, amevaa viatu vya kisigino!

Watoto wakanitazama. Asende, binti mmoja mwenye mdomo kama wembe, akasema:

"Madame, ile ni uongo."

"Uongo? Mi niliona na macho yangu!"

"Muntu hawezi simama juu ya pipa. Itamwangusha."

"Mwalimu hadanganyi, Asende."

"Basi fanya, tuone."

Wenzangu, kuna mahali katika maisha mtu anapewa nafasi ya kukaa kimya. Ile ndiyo ilikuwa yangu. Wale watoto walikuwa wameinua vichwa. Kwa mara ya kwanza asubuhi nzima walikuwa wanasubiri kitu ambacho si bomu. Nikaangalia pembeni, pale Baba Wilondja anapopanga mapipa yake ya mawese. Moja lilikuwa tupu.

Nikavua viatu. Nikakaza kitenge. (Umri wangu mnaujua. Uzito wangu mnaukisia.)

Tukalilaza pipa. Watoto wakalishika huku na huku, mimi nikapanda nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba. Nikanyoosha mikono. Nikasema, "Achieni!" Wakaachia.

Nami nikatembea!

Naapa mbele yenu. Hatua ndogondogo, kurudi nyuma kidogo, mbele kidogo, pipa linanitii. Watoto wanapiga kelele za furaha, wanaruka. Asende ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nikajisikia mwepesi. Nikasikia ule ukumbi wa parokia, ile harufu ya madawati na jasho letu. Nikaweka mkono kifuani nikauliza, "Batoto, moyo unapiga?"

Wakajibu kwa sauti moja: "Unapigaaa!"

Sasa, Tantine Zuzu alikuwa studio, kwenye sakafu iliyonyooka. Mimi nilikuwa Swima, ambapo hata kuku akisimama vibaya anateremka mpaka ziwani.

Pipa likapita ukingo wa uwanja. Nikahisi miguu inataka kwenda haraka kuliko mimi. Nikapiga hatua kadhaa ambazo sizikumbuki vizuri, halafu nikaruka, au nilirushwa, nikatua kifudifudi kwenye mkeka ambao Mama Wilondja alikuwa ameanikia unga wa muhogo. Unga wa wiki nzima. Goti likalia kama kuni kavu. Nikameza unga, nikaupumua, nikafungua macho nikaona dunia nyeupe.

Ingekuwa imeishia hapo, nisingewaandikia. Lakini pipa liliendelea bila mimi.

Njia ya kutoka kwetu kwenda ziwani imejaa mawe. Pipa likaruka jiwe la kwanza: Buuu! Jiwe la pili: Buuu! Likakata kona lenyewe, likakutana na uzio wa mabati wa kanisa, likausugua kutoka mwanzo mpaka mwisho: tatatatatatata!

Kimya.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke huko chini: "Bameingia! Bameingia!"

Mnajua jinsi sisi tunavyosikia siku hizi. Masikio yetu yanalala yamevaa viatu. Mlango wa kwanza ukafunguka, na wa pili, na mara njia nzima ikajaa watu. Magodoro vichwani. Masufuria. Mbuzi. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kanisani. Walitoka kwa madirisha wakiwa bado na vitabu vya nyimbo mikononi. Kila mtu ziwani, kwenye mitumbwi!

Nikainuka. Nikaanza kukimbia nyuma yao, nachechemea, nimejaa unga kuanzia nywele mpaka kifua, napunga mikono na kupiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Musikimbie! Musikimbie!"

Upepo wa ziwa, wapendwa. Upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani, ukachukua ile "si" peke yake. Watu wakasikia: "Mukimbie! Mukimbie!"

Wakageuka, wakamuona mwalimu, mtu mzima, mtu aliyetoka Baraka na anayeijua vita, anakimbia mguu mmoja, uso mweupe kama aliyekwisha kufa. Waliokuwa wanatembea haraka wakaanza kukimbia. Waliokuwa wanakimbia wakatupa mizigo. Na kadiri nilivyopiga kelele kuwazuia, ndivyo walivyoongeza mbio.

Nilipofika ufukweni mitumbwi miwili ilikuwa imekwisha kuondoka. Pasta alikuwa majini mpaka kiunoni anaomba nafasi kwa majina ya watakatifu ambao kanisa lake haliwatambui. Kapita, mkuu wa kijiji, mzee mrefu asiyependa haraka, alikuwa amesimama mchangani akijaribu kupanga watu.

"Nani ameona adui?" akauliza. "Banatoka upande gani?"

Kila mtu akamtazama jirani yake. Hakuna aliyeona. Mwishowe mwanamke mmoja akaninyooshea kidole.

"Ni Madame ndiye alitwambia tukimbie."

"Ndiyo, ni Madame! Tulimusikia sisi wote!"

Watu wote wakageuka. Waliokuwa mitumbwini wakaacha kupiga makasia. Hata mbuzi walinyamaza, au ndivyo nilivyoona mimi.

Kapita akanisogelea. "Madame, umeona nini?"

Nilitaka kusema neno moja la maana. Lililotoka ni: "Pipa."

"Pipa gani?"

"Pipa ya Baba Wilondja. Ilikuwa tupu. Ilinitoroka."

"Ilikutoroka namna gani?"

Hapo ikabidi nieleze. Mbele ya kapita, mbele ya pasta anayechuruzika maji, mbele ya kwaya. Kwamba nilikuwa juu yake. Kwamba nilikuwa nimesimama. Kwamba zamani kulikuwa na mama mmoja katika televisheni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyokuwa mbaya zaidi, nami sikujua jinsi ya kuacha. Unga ulikuwa unanidondoka puani.

Pipa lenyewe lilikuwa pale pale, linaelea karibu na mitumbwi, limetulia kabisa.

Kabla mtu hajacheka, Mama Wilondja alifika. Alifika kwa miguu, polepole, peke yake, mikono mitupu. Akapita katikati ya watu mpaka kwenye mtumbwi ambamo mumewe alikuwa amekaa, amekumbatia redio yake ya betri kama mtoto mchanga.

"Baba Wilondja."

"Mama Wilondja..."

"Ulibeba radio. Mi ukaniacha mu choo."

Watu wakavuta pumzi.

"Nilidhani uko mbele," akasema.

"Mbele ya nini? Ulipita pale pale, nikakuita! Ukaongeza mbio!"

Hapo ndipo kijiji kilipopasuka kwa kicheko. Watu walishika mbavu, walikaa majini. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka nao, kwa sababu angalau sasa walikuwa wanamcheka mtu mwingine. (Mtu mwingine huyo ndiye anayenilisha.)

Halafu nikamuona Mama Neema.

Hamumjui. Amekuja Swima baada yetu, kutoka Kilembwe, kwa miguu. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa mchangani, watoto wake wamemzunguka, anawagusa vichwa mmoja mmoja kwa kidole. Anafika kwa wa mwisho, anaanza tena. Mdogo wao anamwambia, "Mama, tuko wote," naye anaendelea kugusa.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, lile goti bovu likaniadhibu ipasavyo.

"Mama Neema, unisamehe. Nilitaka tu batoto bacheke."

Alinitazama, akanyoosha mkono, akanifuta unga machoni kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, kama mtu anavyomfuta mtoto.

"Madame," akasema, "siku ingine ukitaka kucheza, upite mu manyumba, utwambie kwanza."

Angenipiga kofi ningejisikia vizuri zaidi.

Kapita akatoa hukumu yake pale pale. Pipa nilirudishe mwenyewe mpaka nilipolitoa. Na katika kila nyumba nisimame, nigonge, niseme, "Hakuna vita. Ilikuwa mimi."

Nimefanya hivyo. Nimesukuma pipa kupanda ule mteremko nikiwa na goti moja linalofanya kazi, watoto wote nyuma yangu kama maandamano ya kitaifa. "Hakuna vita. Ilikuwa mimi." Nyumba inayofuata. "Hakuna vita. Ilikuwa mimi." Nyumba moja walikuwa wamekwisha kurudi kula, wakaniomba niseme tena ili na baba aliyekuwa chumbani asikie. Asende alikuwa ananisaidia kusukuma. Katikati ya njia akanong'ona, "Madame, haukudanganya." Nilimwambia anyamaze asukume.

Nyumbani nimekuta Mama Wilondja anapepeta kilichobaki cha unga wake, nywele zangu zimo. Nikamwambia nitatwanga mwingine, kesho na keshokutwa, mpaka ujae. Akasema, "Kutwanga utatwanga." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mimi chumba changu bado ninacho. Baba Wilondja ndiye leo anayelala na redio.

Nilipokuwa napanda huku, nimepita kwa Koko Nyange, bibi mkongwe kuliko wote hapa kijijini. Yeye wakati wa zile mbio hakuwa ametoka hata mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mbele ya samaki wake juu ya moto. Nikasimama, nikainama, nikaanza: "Koko, hakuna vita, ilikuwa..."

Akanikatiza kwa mkono.

"Nasikia. Sasa unisikie na mi. Siku vita itafika ya kweli, we unyamaze. Tutajikimbilia sisi benyewe."

Basi ndiyo hivyo. Najua mtacheka, nawajua. Lakini chekeni huko mliko, kimyakimya, na tafadhali mtu yeyote asinitumie ujumbe wa sauti. Simu yangu ikilia kwa nguvu hapa mlimani, kuna watu huko chini watabeba magodoro.