Idara ya Hiari na Makao ya Milele

Kwa furaha kubwa, Idara ya Hiari na Makao ya Milele inautangazia umma wa Bukavu kwamba kila raia ana uhuru kamili wa kuchagua mahali atakapokaa baada ya kufa, na kwamba uhuru huo lazima utumike kabla ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Atakayechelewa atachaguliwa.

Tangazo hilo niliandika mimi, Carmel, Mkuu wa Biro ya Pili. Nalisema wazi kwa sababu kuna watu wanaodai ni kazi ya Direkta Alphonse. Direkta alisoma mstari wa kwanza, akauliza kama neno "hiari" linahitaji kibali cha mkoa, nikamwambia hapana, akatia sahihi.

Fomu ilikuwa rahisi: Mbinguni, Toharani, Jehanamu, weka alama moja tu. Chini palikuwa na mstari wa kuthibitisha kwamba mhusika amechagua bila kushurutishwa, na nafasi ya sahihi ya askari aliyesimama karibu naye alipokuwa akichagua.

Ijumaa ilipofika, mji mzima ulikuwa umechagua Mbinguni. Hata Toharani haikupata mtu, ingawa tukisema ukweli ndiko wengi wetu tutakakoonana. Direkta alifurahi mpaka simu ikalia kutoka juu. Huko juu walisema asilimia mia haiaminiki na inatia aibu mbele ya wageni. Walitaka asilimia tatu ziende Jehanamu, ili ionekane kwamba hiari ipo.

Tukatafuta watu wa kujitolea. Hakujitokeza hata mmoja, kwa hiyo tuliwateua. Tulianza na fomu namba moja, kwani aliyetangulia kuleta ndiye aliyeonyesha moyo wa kujitolea kuliko wengine.

Namba moja ilikuwa ya Maman Adélaïde, muuza sombe, yaani kisamvu, wa soko la Kadutu. Alikuja na fomu yake siku ya kwanza kabla sijafungua mlango, akiwa ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki isilowe na mvua.

Nakala ya orodha ilipelekwa kwenye shirika lake, yaani jumuiya ya wakristo wa mtaa. Mkubwa wa shirika akaona muhuri wetu, akamfuta Adélaïde kwenye orodha ya wasimamizi wa ubatizo. Katika mji huu mtu anaweza kubishana na Injili mpaka jioni, lakini na muhuri habishani.

Alhamisi iliyofuata Maman Adélaïde akaingia ofisini na beseni lake kichwani.

"Monsieur Carmel, jambo. Miye niliandika mbingu. Ni nani aliniondosha?"

"Hakuna mutu alikuondosha, maman. Ulijitolea."

"Nilijitolea siku gani?"

"Ilikuwa mardi, juzi. Haukukuwa hapa, njo maana tukafanya bila kukusumbua."

Akatua beseni chini. "Dimanche, siku ya ubatizo, ninapaswa kuwa marraine, musimamizi ya Merveille, mutoto ya binti yangu. Tulimungoya miaka tisa, ule mutoto. Abbé ataniuliza kama ninamukataa shetani. Nitajibu nini, na cachet yenu, ule muhuri, inasema ninaenda kukaa kwake?"

"Ile question haiko ya biro yetu, maman."

Nakiri moyo uliniuma. Nilimpa kiti cha wageni, kile ambacho miguu yake yote minne ni mizima. Akakaa, akaitazama sombe yake, kisha akaniuliza kwa upole kama nilisoma katekisimu.

"Nilisoma," nikasema.

"Basi unajua. Dhambi ya mauti iko na mambo tatu: ikuwe kubwa, ujue, na utake weye mwenyewe. Sasa kama ni ninyi munanitakia, dhambi zangu ni za nani?"

Nikatafuta kwenye kanuni zetu, sikupata kifungu. "Labda ni za ule alisaini."

"Na ni nani alisaini?"

"Monsieur le Directeur."

"Ni muzuri. Unipe bic na makaratasi mbili."

Akaandika palepale dhambi zake zote: sombe ya jana aliyoichanganya na ya leo, maneno aliyoyasema juu ya jirani yake Joviale, na nyingine ambazo sitazitaja kwa sababu ya siri ya kazi. Barua ilielekezwa kwa Direkta, mhusika mkuu. Akanisogezea nakala mbili.

"Unipe accusé ya réception."

Nani asiyejua desturi hiyo? Barua ikija na nakala yake, ofisi lazima iipige muhuri wa kupokea na kumrudishia mwenyewe nakala moja. Mimi ni mtu wa kanuni. Nikapiga: IMEPOKELEWA.

Habari za muhuri huo zikafika sokoni, na Ijumaa asubuhi foleni ilianzia mlangoni kwetu ikateremka kwa kijia cha mawe mpaka sokoni. Alikuja mama anayeuza maziwa ya kutiwa maji. Akaja dereva wa pikipiki aliyewahi kuondoka na mzigo wa mjane. Mwingine aliuliza kama bahasha iliyofungwa inaruhusiwa, na inaruhusiwa. Mmoja alileta dhambi anazopanga kuzifanya wikendi, nikamkatalia, maana Idara haipokei miradi.

Direkta alipofika, mafaili yalikuwa yamejaa mpaka kwenye kiti chake.

"Hii ni nini?"

"Ni dhambi zako, Monsieur le Directeur."

Direkta ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya bezi. Akafungua faili la juu, akasoma. "Lakini miye sikuiba mbuzi ya mutu."

"Uliiba, Monsieur le Directeur. Dossier mia mbili na kumi na mbili."

"Na bale ba kule juu, benye kupiga simu?"

"Bao habakusaini."

Kabla ya saa sita mchana alikuwa ametia sahihi uamuzi wa kurudisha hiari kwa wenyewe, bila tarehe ya mwisho. Niliuandika mimi pia. Jumapili nilikuwa kanisani, nikamwona Maman Adélaïde na kitenge chake kipya, Merveille mikononi mwake. Abbé, padri wetu, alipomwuliza kama anamkataa shetani, alisema "Ninamukataa" akinitazama mimi. Niliona aibu, na nilifurahi.

Yamebaki mafaili. Barua iliyopokelewa hairudi yenyewe, mwenyewe lazima aifuate na nakala yake mkononi. Tulibandika tangazo kwamba wote waje kuchukua dhambi zao, na kwa kuwa hiari imesharudishwa, ilibidi tuandike "anayetaka". Leo ni wiki ya tatu, na hajaja hata mmoja. Barua yangu mwenyewe nayo imo humo, namba mia nne thelathini na moja, na muhuri nilijipigia.

Direkta haendi tena nyumbani kula. Anakaa mlango wazi, akiwasalimu wapita njia mmoja mmoja kwa jina. Jana akamwona Maman Adélaïde anapanda na beseni, akatoka nje mwenyewe kumlaki.

"Maman, tafadhali. Hautachukua zako?"

"Ningali ninafikiria, Monsieur le Directeur," akasema, akaendelea kupanda.