Jozi Moja na Nusu

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji, dada mdogo wa mke wangu, kapewa kiti cha kuzunguka. Mimi niliyemwombea kazi hapa, kampuni ya kuhamisha samani, bado nakalia kigoda kilichofungwa kamba! Ijumaa bosi anatangaza mkuu wa ratiba. Kila asubuhi Shemeji anaiuliza kompyuta lori gani liende nyumba gani, na jibu linatoka zima. Lori moja, nyumba moja. Si nusu, si robo. Bosi kamsifu mbele ya watu. Wivu? Hata! Roho inaniuma tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza siri yake, huku najifanya sina haja. Akasema majibu yote yanayowezekana yana umbo, umbo lina pembe, na kompyuta husimama kwenye pembe mojawapo. Malori upande huu, nyumba upande ule, basi kila pembe imekaa kwenye namba kamili. Akaniasa: shemeji, ukioanisha watu wa kundi moja wao kwa wao, idadi isiyogawanyika kwa mbili itakuletea nusu nusu. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa natazama kiti. Alipotoka, nikanakili programu yake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Leo nimeazima zake.

Jumatano, 6 Machi

Bosi anataka wabebaji watatu, Kifua, Kamba na Mluzi, wapangwe wawili wawili. Nikadandia! Kompyuta ikajibu: Kifua na Kamba, nusu. Kamba na Mluzi, nusu. Mluzi na Kifua, nusu. Jumla, jozi moja na nusu. Huyu mwanamke kairoga programu! Lakini shuleni tulifundishwa, nusu inapandishwa kuwa moja. Watu watatu, jozi tatu! Shemeji hajawahi kufika hapo. Nikapanga nyumba tatu, zote saa tatu asubuhi. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Kasema tutaona.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Kila mbebaji alikuwa na nyumba mbili kwa saa ileile. Kila mmoja kachagua moja, kafika peke yake. Kifua kabeba kabati bila mwenzake, likakwama mlangoni mwa chumba. Ndani ya chumba, mama mkwe wa bosi! Kakaa humo muda wa saa nne, simu kila dakika kumi. Shemeji kaongeza mstari mmoja tu: kati ya hawa watatu, jozi isizidi moja. Jibu likatoka zima. Kifua na Kamba kwa mama mkwe, Mluzi abaki ghalani. Eti ile pembe mbovu ya nusu nusu kaikata. Ofisi nzima wakapiga makofi. Hata mama mkwe, kwenye simu.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji ndiye mkuu. Mke wangu kapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Shemeji kapewa kiti kipya, kile cha zamani kaniachia mimi, bila kinyongo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimekikalia. Nimezunguka, nimetafakari, na kosa nimelijua. Watatu ni wachache mno. Jumatatu naoanisha watano.