Hakimu na Kipande cha Boga

3 Juni, Jumatatu

Vita vimetangazwa. Nimevipokea kwa furaha!

Binti yangu anarudi kazini Jumatatu ijayo, kule kwenye kiwanda cha uchapaji. Mjukuu wangu ana miezi saba, anakaa wima bila kuegemezwa, ana jino moja, na ana macho ya kukutazama mpaka ukumbuke makosa yako yote. Namwita Hakimu. Swali ni nani atakaa na Hakimu mchana. Mimi nipo hapa hapa nyumbani, seremala mstaafu, karakana iko uani. Lakini mama mkwe wa binti yangu amekwisha kata shauri: mtoto ahamie kwake, arudi Ijumaa jioni, kwa sababu mwanamume mjane hawezi kulisha hata paka. Mama huyo hutembea na kijiko chake mwenyewe, kimefungwa kwenye leso. Bi Kijiko. Usoni namwita mkwe.

Baba mtoto ni dereva wa malori ya safari ndefu. Amepiga simu kusema anaunga mkono pande zote mbili. Halafu simu ikakatika. Mtu mwenye busara.

Nesi wa kliniki amemwambia binti yangu kwamba mtoto sasa yuko tayari kwa chakula, na si lazima asagiwe na kulishwa. Akae mezani na wenzake, apewe kile kile wanachokula, kilaini, bila chumvi, vipande vya ukubwa wa kidole, ajishikie na kujilisha mwenyewe. Bi Kijiko kasema huo ni uvivu uliovaa koti jeupe. Mimi nikaona mlango umefunguka. Nikasema hiyo ndiyo njia ninayoijua. Binti akauliza tangu lini. Nikasema tangu zamani.

Masharti ya binti: Jumapili mchana nipike chungu kimoja, cha vitu rahisi vya sokoni, kitoshe watu wazima watatu na Hakimu. Hakimu akila kwa mkono wake mwenyewe, anabaki hapa. Asipokula, anaondoka na Bi Kijiko.

Nimekubali kabla hajamaliza. Sijawahi kupika. Miaka thelathini na minane mke wangu hakuniruhusu jikoni ila kurekebisha kabati. Alikuwa akionja mchuzi kwa mgongo wa kijiko, jicho moja amelifumba. Hilo nalikumbuka vizuri. Kwa hiyo si kwamba sijui kitu kabisa.

4 Juni, Jumanne

Ukubwa wa kidole! Huu si upishi, ni useremala!

Nimechukua viazi vitamu, rula na penseli. Nikapima kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umeshika penseli. Nikachonga kalibu ya mbao kwa kipimo hicho. Vipande kumi na sita, kila kimoja pacha wa mwenzake. Nikavichemsha. Nikampa Hakimu kimoja.

Kipande kilipotea. Alikikamata, ngumi ikafunga, hakuna kilichobaki nje. Akaigeuza ngumi huku na huku. Akailamba. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Huu ulikuwa umejaa, ukalambwa, na bado hakupata kitu. Akanitazama. Nikakumbuka makosa yangu yote.

Binti akaja, akaona, akaomba nimwonyeshe kidole nilichopima. Nikamwonyesha. Ni kile ambacho msumeno ulikula ncha yake mwaka niliooa. Nilikuwa nimesahau! Ukiishi na kidole kifupi miaka mingi unadhani vidole ndivyo vilivyo. Mke wangu ndiye aliyekifunga siku ile, kwa kitambaa alichochana kwenye gauni lake jipya. Kila tulipogombana alinikumbusha lile gauni. Kidole hakukitaja hata mara moja.

Binti kacheka mpaka akakaa sakafuni. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Naandika: ushindi.

5 Juni, Jumatano

Kalibu mpya, kidole kizima! Kipande sasa kinatokeza nje ya ngumi kama penseli.

Leo zamu ya karoti. Nesi ametoa kanuni: bonyeza kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, kikipondeka kwa urahisi, kinamfaa mtoto. Nimechemsha dakika sita. Nimebonyeza. Kimepondeka! Dakika sita tu! Nikajiuliza wenzetu hukaa jikoni saa nzima wakifanya nini.

Bi Kijiko akaingia bila hodi, nikashtuka, kipande kikaniponyoka kikaanguka mezani. Ko! Akakiokota, akagonga nacho meza mara tatu, ile hodi ambayo hakuipiga mlangoni. Akauliza hii ni karoti au kigingi. Akakibonyeza. Hakikubonyea. Binti akabonyeza, akaumia vidole. Nikabonyeza mimi, kikawa rojo. Wote wawili wakaanza kuitazama mikono yangu.

Miaka arobaini ya randa na msumeno. Hii si mikono, ni jiliwa, kile chuma cha kubania mbao. Kwangu mimi dunia nzima imeiva.

Bi Kijiko akasema mtoto angeweza kukabwa, na hakusema kwa kejeli. Aliogopa kweli. Alikuwa na haki. Nayaandika haya kwa sababu hakuna atakayeyasoma.

6 Juni, Alhamisi

Nimeamka na jibu! Kama vidole vyangu havifai, si niazime vya watu!

Nimechemsha sahani nzima ya karoti na viazi, safari hii kwa muda mrefu, nikatoka nayo mtaani. Nikaanza na kinyozi, mikono yake ni laini kwa mafuta. Akabonyeza, akasema safi kabisa, akakila alichobonyeza. Haki yake, vidole vyake vilikuwa vimeshagusa. Fundi cherehani akabonyeza viwili ili awe na uhakika, akavila vyote. Mwuza magazeti akabonyeza kwa meno moja kwa moja. Wateja wake wakapanga foleni. Nilipofika mwisho wa mtaa nilikuwa na ushahidi wa watu tisa na sahani tupu.

Jioni habari zimemfikia Bi Kijiko kupitia kwa kinyozi: mkwe wake anagawa sadaka ya karoti barabarani huku mjukuu analia njaa. Hakulia njaa! Alikuwa amenyonya na kulala. Alilia kidogo tu aliponiona nimerudi bila kitu.

7 Juni, Ijumaa

Nimefanya upelelezi. Bi Kijiko alikuja kutuonyesha chakula ni nini: uji mwepesi na kile kijiko. Mimi nikakaa pembeni na gazeti. Baadaye niligundua nimelishika kichwa chini.

Hakimu akakamata kijiko. Bi Kijiko akavuta. Hakimu akavuta. Uji ukaruka, ukatua kwenye gazeti langu. Furaha iliyoje! Nikaificha nyuma ya habari za michezo. Lakini Bi Kijiko hakukasirika. Akachota upya, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na Hakimu akafungua mdomo. Mara tano. Nikakunja gazeti.

Alipokuwa akiondoka alisita mlangoni. Akaniambia amekwisha tandika kitanda kidogo kando ya chake. Kwamba tangu wanawe wote waondoke, bado mkono wake unapika sufuria nzima kwa mazoea, kisha anakula chakula kile kile siku tatu. Nikamwuliza kama kitanda chenyewe kinalia mtu akikigusa. Akasema kinalia. Nikamwambia hizo ni skrubu tu, si jambo la kutisha.

Nikarudi ndani nikapanga mkakati mpya. Huruma ni huruma, vita ni vita.

8 Juni, Jumamosi

Mazoezi kamili. Maharage na viazi, sufuria moja. Mambo yalikwenda vizuri sana! Maji yalichemka, mfuniko ulicheza, nikapiga mluzi. Kisha nikatoka kwenda karakanani mara moja tu kulainisha ubao, na ubao ukataka upande wa pili pia, ndivyo mbao zilivyo. Nilipoinua kichwa, moshi ulikuwa unatoka dirishani kana kwamba umemaliza shughuli zake.

Maharage ya chini yamekuwa vanishi. Bado yamo sufuriani na nadhani yatabaki humo.

Binti alifungua madirisha, akaingia chumbani. Nilipopita nikaona begi la mtoto kando ya mlango, limepangwa. Vile vishati vidogo.

Nimekaa kwenye kiti cha jikoni nikiwaza, na ghafla, mkakati wa mwisho, mkubwa kuliko yote! Njia panda kuna mama mwenye kibanda cha chakula. Mchuzi wake wa boga, viazi na dengu unayeyuka mdomoni. Kesho nitaununua na kuumimina kwenye chungu chetu. Chungu changu, meza yangu, moto wangu wa kuupasha. Sasa mtu atasemaje kwamba sikupika?

9 Juni, Jumapili

Nimechukua mchuzi saa nne asubuhi. Nimeumimina, nimeupasha. Harufu ilijaa nyumba nzima, nikasimama katikati ya jiko kama mwenyewe.

Bi Kijiko akafika saa nne na nusu, mapema kwa makusudi, akaenda jikoni moja kwa moja. Akachota kidogo, akaonja. Akakohoa. Chumvi. Pilipili. Akaniuliza polepole nesi alisemaje kuhusu chumvi. Kisha akatazama karo la kuoshea vyombo. Hakuna kisu kilicholowa, hakuna ganda hata moja. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye karo.

Binti alikuwa chumbani anamvalisha Hakimu. Bi Kijiko alihitaji kuita mara moja tu na kila kitu kingekwisha. Nikamuwahi.

"Mkwe, sijui kupika. Lakini mtoto huyu akiondoka, humu ndani nitabaki na saa ya ukutani. Mwaka mzima nimeisikiliza. Imetosha."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani Hakimu amerithi macho upande huo. Kisha akakunja mikono ya gauni lake.

"Lete boga," akasema. "Kisu chako, vidole vyangu."

Ee! Hapo ndipo kazi ilipoanza! Mimi nilikimbia sokoni, nikarudi, nikakata: boga, viazi, kila kipande urefu wa kidole kizima. Yeye alitia kitunguu, akamwaga dengu, akaweka maji, akanikataza mara nne kufunua mfuniko. Chumvi akaiweka kwenye kibakuli mezani, kila mtu mzima ajitilie mwenyewe sahanini. Kila kipande cha mtoto akakibonyeza pembeni. Vilivyogoma akavirudisha motoni, kimoja mara mbili. Mchuzi wa kibanda tuliupeleka kwa kinyozi, aliyeupokea bila kuuliza maswali.

Saa saba, mezani. Tukamwekea Hakimu boga mbele. Akalitazama boga. Akatutazama sisi. Akachukua kipande, akakipaka kwenye nyusi. Akakidondosha. Bi Kijiko akashika kijiko chake ndani ya leso, nikaona vidole vinamwasha, lakini akakaa navyo. Nesi alisema tusimtilie mdomoni. Nilikalia mikono yangu.

Akachukua cha pili. Kikaenda kwenye shavu, kikatelemka, kikafika mdomoni. Akakitafuna kwa jino moja na ufizi. Akameza. Akanyoosha mkono kutaka kingine!

Nilisimama kwa kasi nikamwaga jagi la maji. Bi Kijiko alijifuta macho akasingizia kitunguu, kitunguu ambacho kilikuwa kimeshaiva saa nzima iliyopita. Hakimu alikula vipande vitatu, na cha nne akakigandisha kwenye nywele zake kama akiba.

Binti akauliza nani kapika. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza wiki hii ulikuwa na ukweli ndani. Bi Kijiko akanitangulia.

"Baba yako. Mimi nimebonyeza tu."

Binti alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Si mjinga, ni mtoto wa mama yake. Akatoa hukumu: Hakimu anabaki hapa. Na bibi yake aje kila siku asubuhi mpaka jioni, na hakuna kipande kitakachowekwa mbele ya mtoto kabla bibi hajakibonyeza. Bi Kijiko akauliza kama aje na sufuria yake. Akaambiwa aje nayo, kubwa.

Begi limerudi kabatini. Nimelirudisha mwenyewe, nikakunjua vishati kimoja kimoja. Mke wangu angesema nimevikunjua vibaya.

10 Juni, Jumatatu

Binti ameondoka kwenda kazini akiwa anatabasamu. Bi Kijiko alifika saa moja na sufuria kubwa kama ngoma. Sasa ametoka kidogo kwenda sokoni, ameniagiza niongee na Hakimu na nisiguse kitu chochote chenye moto.

Nesi alipita hapa akielekea kliniki. Akasimama kumsalimia Hakimu. Nikamsimulia nilivyopika jana, tangu kukata boga hadi kuonja kwa mgongo wa kijiko. Habari za msaidizi hakuuliza, nami sikutaka kumchelewesha kazini. Alifurahi mno! Akasema kila Alhamisi kina mama hukusanyika kliniki, na wengi wanaogopa kumwachia mtoto ajilishe. Je, ningeweza kuwapikia mbele yao na kuwaeleza, hatua kwa hatua?

Nimesema ndiyo. Kina mama thelathini, watoto thelathini, chungu kimoja. Bi Kijiko sitamsumbua kwa jambo dogo kama hili. Amechoka, na hao kina mama wanahitaji mtu mwenye uzoefu. Mimi ninapika tangu jana.