Mieleka Mbele ya Wakwe

Jumatatu, 5 Agosti
Nimepata wazo! Catch yangu, mieleka yangu ya ulingoni, itaonyeshwa moja kwa moja kwenye simu. Anayetaka kutazama alipe kwanza. Milango ya ukumbi nitaifunga, na wale wa kuchungulia bure juu ya ukuta watajua hawajui. Glody, mpinzani wangu wa Kadutu, ana wanamieleka kumi na fanfare ya tarumbeta na ngoma. Mimi nina wawili na spika. Atalia!

Nimempigia mke wangu Emérence. Yuko kwa mama yake huko Kalehe tangu Pasaka, lilipoporomoka onyesho langu la mwisho pamoja na ulingo. Alisema atarudi siku atakayoniona nimemaliza jambo moja bila aibu. Moja tu. Nimemtumia kiungo bure, akakubali kutazama. Kwa furaha nikapika wali wa watu wawili. Nimekula wote peke yangu.

Jumatano, 7 Agosti
Balaa. Murhula, ambaye ulingoni ni Mamba wa Ruzizi, amesikia kwamba picha zitafika Luberizi kwa wakwe zake. Kaptula hataki tena. Akaniambia, "Papa Polycarpe, bokilo, mama ya bibi yangu, aone mapaja yangu? Mimi itakuwa mutu ya namna gani?" Nikamwambia sanaa ni sanaa. Akasema mama mkwe ni mama mkwe. Apollinaire, mpinzani wake, akaitikia kwa kichwa. Posa yake inajadiliwa mwezi huu. Washamba! Mbele ya wageni ukumbini wanavua bila shida.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimekubali wavae suruali. Glody amepita na fanfare mbele ya nyumba yangu, makusudi, akaniuliza mbele ya majirani kama kweli nimebaki na wanaume wanaoogopa mapaja yao. Nikamjibu vizuri sana, lakini alikuwa amekwisha kupita. Ndani hapakuwa na mtu wa kumsimulia. Nikaisimulia redio.

Jumamosi, 10 Agosti
Murhula ameingia ulingoni na suti, tai na viatu vya kanisani. Apollinaire vilevile! Wakapeana mikono, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha wakashikana, na hakuna aliyekubali kuanguka, maana mkwe hawezi kuonekana chini. Wakabaki wamekumbatiana kama watu kwenye matanga. Watazamaji wakaanza kuandika: hii ni catch ao ni ndoa? Wengi wakatoka. Glody alilipa ili acheke.

Nikatazama simu. Jina la Emérence lilikuwa bado pale kati ya watazamaji. Bado! Nikaona jambo linanifia tena mikononi. Nikavua suruali. Ndani nilikuwa nimevaa kaptula ya Mamba, ile nyekundu, kwa dharura. Nikaruka ulingoni nikinguruma. Wote wawili wakanibeba kwa shukrani na kunibwaga, miguu juu, kamera karibu. Watu wakarudi mbio! Ushindi!

Emérence akapiga. Nikapokea nikicheka. Kumbe wakati wa onyesho simu ilikuwa mkononi mwa mama yake. Mama amejifunika uso kwa kitenge, amejifungia chumbani. Emérence akasema alikuwa amekwisha kufunga mizigo ya boti ya Jumatatu, na sasa ameifungua. "Ata Murhula alijua, Poli. Weye tu ndiye haukujua?" Akakata.

Jumapili, 11 Agosti
Nyumba kimya. Nimelala upande wangu wa kitanda, wake sijaugusa. Naumia, niseme ukweli. Simu zangu hapokei.

Nimefikiri misa nzima. Kosa si langu, ni la simu. Kioo kidogo, picha mbaya, mama mkwe ameona mapaja bila kuelewa mchezo. Basi aone vizuri! Onyesho nitalipeleka Kalehe kwenyewe, karibu na kwake. Yeye mstari wa mbele, kiti chenye mto. Nyota ni mimi. Kesho nampelekea fundi kitambaa cha kaptula mpya, rangi ya dhahabu, na aikate fupi zaidi, ili Emérence anitambue hata akisimama mbali.