Nyungunyungu wa Shamba la Baba

Jumanne, 7 Mei

Habari kubwa! Bibi Gong anakodisha shamba la bondeni. Ana miaka themanini na minne, magoti yamegoma, na mwanawe aliyeko Seoul hataki hata kuona jembe. Shamba lile lilikuwa la baba yangu. Aliliuza ili mimi nioe. Miaka thelathini na mitano nimepita kando yake kila asubuhi, na kila asubuhi limeniuma. Sasa ni zamu yangu mimi, Ma Deok-bae!

Tatizo ni bibi mwenyewe. Anasema shamba limechoka, linataka mtu wa kulifufua, si wa kulimalizia. Jumamosi ya tarehe 18 atapita na kijembe chake. Kila anayelitaka atachimbiwa shimo moja kwake, popote bibi atakapopenda. Mwenye nyungunyungu wengi ndiye atakayepewa. Nilimwambia siku hizi udongo unapimwa kwa mashine. Akaniuliza kama mashine hiyo inakula majani na kunya mbolea.

Mpinzani ni mmoja tu, jirani yangu Tak Pan-sul. Ana mwaka wa nne hajawasha pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono. Halimi, hapulizii dawa. Kwake ni matandazo ya mabua ya mpunga juu ya majani ya jamii ya kunde, utadhani kitanda cha mvivu. Kwangu ni safi! Plastiki nyeusi, matuta yamenyooka, hakuna hata jani la bahati mbaya. Nimechimba mwenyewe ili nijue nilipo. Nyungunyungu: sifuri. Nikachimba tena. Nimepata kipande cha plastiki cha mwaka juzi.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeijua siri ya Tak! Iko kwenye mianzi ya mlimani. Anaweka wali mkavu kwenye sanduku la mbao, anaufunika kwa karatasi na kuufukia chini ya majani yaliyooza. Baada ya siku chache wali unaota ukungu mweupe. Ukungu ule unachanganywa na sukari na maji, unapewa udongo, udongo unaamka, na nyungunyungu wanafuata chakula.

Mke wangu, Mama Su-ok, anasema amenieleza haya tangu mwaka juzi. Sikumbuki. Mama Su-ok huongea mengi. Anasema pia kwamba yeye hufanya hivyo hivyo kwenye kijishamba chake cha uani, nyuma ya mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Kijishamba gani! Maganda, mabua, magugu, maharage yamekumbatiana na vitunguu. Nimemwomba akizungushie ua kabla Bibi Gong hajaja, tusiaibike. Akaniambia, "Sawa, Baba Su-ok." Hajazungusha.

Sanduku langu nimelifukia leo. Sikuona haja ya kupika wali mpya. Nimetumia uliobaki mchana, wenye pilipili ya kusaga, mafuta ya ufuta na yai. Vijidudu ni viumbe kama sisi, navyo hupenda kitamu.

Jumapili, 12 Mei

Nguruwe mwitu! Wamekula wali, karatasi na pembe moja ya sanduku. Hatua kumi kutoka hapo, sanduku la Tak limetulia, halijaguswa, wali umeota ukungu mweupe kama pamba. Dunia haina haki.

Nimelikopa. Si wizi. Sanduku nitalirudisha.

Jumatatu, 13 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi, kipaza sauti cha kijiji kikalia. Mwenyekiti alitangaza mambo mawili: kwanza, maji yatakatwa mchana, pili, aliyechukua sanduku la Tak kule kwenye mianzi alirudishe, na tafadhali asile kilichomo, si chakula.

Mama Su-ok alinitazama juu ya bakuli lake la supu. Nikasema kweli watu wameharibika. Akasema wameharibika mno, na wengine wanavaa mabuti ya kijani yenye majani ya mianzi kwenye soli. Sijui alikuwa anamsema nani.

Nimechanganya ukungu wote, nimepulizia shamba zima na kando ya njia. Kazi safi kabisa! Nilipomaliza ndipo nilipokumbuka kwamba bomba ni lile la dawa ya kuua magugu, na sikulisuuza.

Jumatano, 15 Mei

Majani ya kando ya njia yameanza kunyauka. Tak alipita, akasimama, akaniuliza, "Mdogo wangu, ulipulizia nini?" Nikamjibu kwamba nilipulizia uhai. Akayatazama majani. Akasema uhai huo ni mkali.

Halafu akafanya jambo la kuudhi sana. Alisema sanduku jingine litakuwa tayari wiki ijayo, nami nikitaka nusu, nimwombe tu. Na hata lile la kwanza, kama aliyelichukua angeomba, angempa. Sijawahi kuchukizwa na mtu kiasi hicho. Usiku sikulala vizuri.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua ya kutwa. Maji yalipiga kwangu, yakateleza juu ya plastiki, yakachota udongo wa kwenye mifereji na kuondoka nao. Kijito kimekuwa chekundu. Kwa Tak mvua inaingia haitoki, vyura wanaimba kama wamelipwa.

Jioni kipaza sauti tena. Mwenyekiti aliomba mwenye udongo ulioko barabarani aje auchukue. Nilienda na toroli. Nani tena angeenda? Nilipokuwa nachota nikamkumbuka baba, alivyokuwa akikung'uta udongo wa viatu vyake shambani kabla ya kurudi nyumbani. Alisema si wetu kuuhamisha. Nikajisikia vibaya. Lakini wakati wa kujisikia vibaya sina, zimebaki siku mbili.

Ijumaa, 17 Mei

Nina akili, sikatai! Nyungunyungu wanauzwa!

Nimekwenda duka la chambo kule bwawani, nikachukua mikebe ishirini. Muuzaji aliuliza navua samaki gani. Nikamwambia ni samaki mkubwa wa miaka themanini na minne. Hakucheka. Mchana Mama Su-ok alipokwenda sokoni nikainua plastiki na kuwamwaga shamba zima, maana sijui bibi atachimba wapi. Ni wafupi, wekundu, wenye mistari. Wengi walijikunja pale juu kama watu walioonyeshwa chumba kibovu cha wageni. Nikarudishia plastiki. Watazoea.

Jumamosi, 18 Mei

Bibi Gong alifika saa tatu, kigoda chake cha sponji cha kukalia shambani amejifungia makalioni, kijembe mkononi. Mwenyekiti alikuja kuhesabu.

Kwa Tak: thelathini na mmoja, wanene. Udongo mweusi, unamomonyoka kama keki.

Kwangu bibi alikaa katikati, akainua plastiki, akachimba. Mmoja. Mmoja tu! Akamnusa, akasema huyu ananuka mkebe. Nikapiga kelele kwamba haiwezekani, jana walikuwa mamia! Mwenyekiti akatazama mawingu. Tak akakohoa, na nina hakika kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani.

Bibi alikuwa anatazama chini, kwenye njia yenye unyevu ya kuelekea nyumbani kwangu. Nyungunyungu wekundu wenye mistari, mmoja hapa, wawili pale, wote wanaelekea upande mmoja. Akawafuata, kigoda kikitikisika nyuma. Wakampeleka hadi nyuma ya mitungi ya kimchi.

Akachimba pale penye maganda na mabua. Mwenyekiti alihesabu wenyeji peke yao, maana bibi alisema wageni wa mkebe hawapigi kura. Arobaini na wanne! Bibi akasema hata wa kununuliwa wameona pa kuishi.

Akamgeukia Mama Su-ok, aliyekuwa mlangoni na kabichi mkononi, akamuuliza, "Mwanangu, unalitaka shamba?"

Mama Su-ok akaiweka kabichi chini. Akasema amengoja miaka thelathini na mitano mtu amuulize. Shamba liliuzwa ili yeye aolewe, kila siku ananiona nikilitazama, na kila siku anajiona yeye ndiye bei yake. Basi aachwe alirudishe kwa mikono yake.

Nililia. Naandika wazi, nililia mbele ya Tak. Tak naye akajifuta macho kwa kofia, akasema mabua ya kuanzia atatoa yeye.

Masharti ya Bibi Gong: hakuna pawatila, hakuna dawa, udongo usikae uchi hata msimu mmoja. Na sharti la Mama Su-ok: mimi ni wa kubeba mabua.

Jumatatu, 20 Mei

Mgongo! Toroli kumi na tisa tangu asubuhi. Mama Su-ok anaelekeza, Tak anacheka. Tulipokula mchana kule kando ya shamba, nilikaa pale pale baba alipokuwa akikaa. Chakula kilikuwa kitamu mno.

Nimeyatafakari yote kwa utulivu. Watu wanasema shamba limepatikana kwa maganda na subira. Upuuzi! Nani alimwongoza bibi hadi kwenye mitungi? Nyungunyungu wangu. Nani aliwanunua? Mimi. Kwa hiyo ushindi ni wa nani? Nimemweleza Tak. Akaniongezea pombe ya mchele.

Bibi Gong atachimba tena vuli, aone kama shamba linapona. Vuli ni mbali, na udongo unakwenda polepole. Kwa hiyo nimerudi kwa muuza chambo. Mikebe mia moja! Amesema watunzwe mahali pa baridi. Nimeipanga yote kwenye friji ya kimchi, rafu ya chini kabisa, nyuma ya figili. Mama Su-ok huwa hafungui rafu ile.

Nasikia friji inafunguliwa. Ananiita. Si "Baba Su-ok", bali "Ma Deok-bae", jina kamili, kwa sauti inayofika kwa Tak.

Lazima anataka kunishukuru.